Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya uvuvi na mambo ya kale: meno ya papa yasipotee hivi hivi

Waheshimiwa mnaosimamia uvuvi, nanyi mnaosimamia makumbusho na mambo ya kale, Bara na Visiwani, pamoja na wenzenu wa Kenya, maana papa anayepita mbele ya Kigombe leo, keshokutwa anaweza kuwa Shimoni.

Shikamooni.

Nawaandikia kutoka Tanga. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa jarife. Kwa asiyelijua, jarife ni wavu wa macho makubwa unaotegwa jioni na kwenda kutazamwa alfajiri, na kazi yake ni papa, taa na samaki wengine wakubwa. Alipofariki, katika vitu vyake tulikuta mkebe wa maziwa ya unga uliojaa meno ya papa. Kila papa aliyemsumbua kumwingiza chomboni alimng'oa jino moja akaliweka. Ninalo moja mezani ninapoandika. Ni pana kwenye shina, limelala kidogo upande mmoja, na kingo zake zina vijino vidogo kama vya msumeno. Ukipitisha ukucha unavisikia vikikwaruza. Halina tarehe wala jina la mwamba, na hakuna anayejua papa mwenyewe alikuwa na urefu gani. Yote hayo babu alikuwa nayo kichwani, akaondoka nayo.

Ombi langu naliweka mapema. Tuanze kutunza meno ya papa wetu, ya leo na ya kale, kila jino na habari ya mahali lilipotoka. Bila hayo tutaendelea kubishana papa wamepungua kiasi gani, na kila mtu atakuwa anahesabu kuanzia siku alipofumbua macho.

Papa hana mfupa. Kiunzi chake chote ni gegedu, kitu laini kama kilicho ndani ya sikio lako, na akifa baharini huoza asibaki. Kinachobaki ni meno. Yale ni magumu, yana madini ya fosfeti na floridi, na papa huyaangusha maisha yake yote: la mbele likitoka, la nyuma lililokuwa limelala linasogea kushika nafasi yake. Papa mmoja huangusha maelfu ya meno kabla hajafa. Kwa hiyo sakafu ya bahari imekuwa ikipokea meno ya papa kwa mamilioni ya miaka.

Hata ngozi yake ni meno. Mafundi wa vyombo wa zamani waliijua vizuri, ndiyo maana waliitumia kama msasa. Ukiipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini, ukirudisha mkono inakukwaruza. Mkwaruzo ule unatokana na vimeno vidogo sana, vilivyoumbwa kama jino lenyewe, vimejipanga mwili mzima, navyo hudondoka na kuzikwa mchangani. Jicho peke yake halivioni sawasawa, vinataka hadubini.

Ulaya walikaa karne nyingi wakiyaita meno haya yaliyogeuka jiwe "ndimi za mawe", wengine wakisema yameanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1666 kichwa cha papa mkubwa aliyevuliwa karibu na Livorno, Italia, kilipelekwa kwa tabibu Niels Stensen akipasue. Alipolinganisha mdomo ule na yale mawe, akaona ni kitu kimoja. Tangu hapo watu wameyatumia kujua ni papa gani waliishi wapi. Kinachonifanya niwaandikie leo kimekuja karibuni zaidi: meno na vimeno hivi sasa vinaweza kutueleza hata papa walikuwa wengi kiasi gani.

Mfano uliofanywa vizuri ni wa Panama, upande wa bahari ya Karibi, mahali panapoitwa Bocas del Toro. Hapo kuna mwamba wa matumbawe uliokufa na kuhifadhika, wa miaka kama 7,000 iliyopita, na karibu yake ipo miamba inayoishi sasa. Erin Dillon na wenzake, akiwemo Aaron O'Dea wa taasisi ya Smithsonian iliyoko hukohuko Panama, walichukua mchanga wa mwamba wa kale na mchanga wa miamba ya leo. Wakauchuja, wakayeyusha chokaa kwa asidi hafifu, jamaa ya siki, hadi wakabaki na vitu visivyoyeyuka. Humo wakaviokota vimeno vya ngozi ya papa, kimoja kimoja, kwa brashi nyembamba chini ya hadubini. Kwa kuwa walijua mchanga ule ulichukua muda gani kujikusanya, waliweza kusema ni vimeno vingapi vilianguka hapo kwa kipimo kilekile cha wakati, zamani na sasa.

Walitoa matokeo yao mwaka 2021. Vimeno vilivyokuwa vikidondoka kwenye miamba ile vimepungua kwa asilimia 71. Na maumbo ya vimeno hayafanani: papa wa mwendo kasi, wa jamii ya papa nyundo na papa wa kijivu tunaowajua sote, wana vimeno vyembamba vyenye mifereji, papa wanaolala chini kwenye miamba wana vimeno vinene, vigumu, vya kustahimili kusugua mawe. Waliopungua zaidi ni wa mwendo kasi. Walipopekua kumbukumbu za zamani za watu wa pale, ikaonekana anguko kubwa lilitokea mwishoni mwa karne ya 20, wakati ule ule uvuvi wa kutafuta papa ulipoanza Panama.

Nawaomba msipite haraka hapa, kwa sababu kuna jambo ambalo mimi binafsi lilinishtua. Yule papa wa kulala chini, asiye na bei, ambaye hakuna aliyehangaika kumtafuta, naye alipungua sana. Uvuvi peke yake hautoshi kueleza hilo. Watafiti wale wanasema huenda yapo mengine yaliyoongezea. Mimi nikisoma maneno hayo nikiwa Tanga, siwezi kuacha kufikiria baruti. Miaka ile mabomu yalipokuwa yakilia asubuhi, tulikuwa tunahesabu samaki waliokufa wakielea. Nani alimhesabu papa aliyepoteza pango lake na chakula chake? Hakuna. Lakini mchanga ulio chini ya mwamba ule umehesabu, na bado uko palepale ukisubiri mtu wa kuusoma.

Kuna asilimia 71 nyingine ambayo huchanganywa na hii, basi niitenganishe. Mwaka huohuo wa 2021 watafiti wengine walikadiria kuwa papa na taa wa bahari kuu duniani wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, huku shinikizo la uvuvi juu yao likiwa limeongezeka mara 18. Namba zimegongana kwa bahati tu. Ile ya pili inaanzia 1970, kwa kuwa kumbukumbu za uvuvi zinazofaa haziendi nyuma sana ya hapo. Ile ya Panama inaanzia kabla binadamu hajaigusa sana bahari ile. Sisi hatuna hata moja kati ya hizo mbili inayohusu maji yetu peke yake.

Tazameni daftari za diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Kwa muda mrefu takwimu zetu zimewaweka papa na taa fungu moja, kwa uzito, bila kusema ni papa yupi. Papa potwe wa Mafia, papa nyundo na papa upanga si viumbe wa aina moja. Kuwaandika wote "papa" ni kama kuandika "mnyama" kwenye daftari la hifadhi. Na daftari zenyewe zimeanza juzi. Kijana wa miaka 25 akileta papa watatu kwa wiki anasema msimu ni mzuri. Mzee wa miaka 70 anatikisa kichwa. Baba yake yule mzee angetikisa zaidi. Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi, alilieleza jambo hili mwaka 1995: kila kizazi huchukua hali ya bahari kiliyoikuta kuwa ndiyo hali ya kawaida, na hasara ya kizazi kilichotangulia inasahaulika.

Meno yanaweza kutuambia zaidi ya wingi. Huko huko Panama, katika tabaka la Gatun lenye umri wa miaka kama milioni 10, Catalina Pimiento na wenzake walikusanya meno 28 ya megalodoni, yule papa mkubwa kuliko wote waliojulikana, ambaye jino lake moja linaweza kujaza kiganja. Lakini mengi ya meno ya Gatun yalikuwa madogo kuliko ilivyotarajiwa. Walipolinganisha vipimo vyake na mahali pa jino mdomoni, ilionekana mengi ni ya watoto. Mwaka 2010 wakasema: hapa palikuwa malezi, maji ya kina kifupi ambako vitoto vya papa vilikulia. Fikirieni kama mtu angepita hapo kabla yao akaokota yale makubwa tu ya kuuzia watalii. Habari yote ya malezi ingeondoka, na hata yale madogo yaliyobaki yasingeeleweka.

Nalisema hili kwa kuwa tunayo malezi yetu. Muulizeni mvuvi yeyote wa mlangoni mwa mikoko vitoto vya papa nyundo huvuliwa wapi na mwezi gani. Atawajibu bila kufikiri. Papa wengi hubeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa wachache, kinyume na dagaa. Ukimaliza vitoto vya misimu michache umemaliza wazazi wa miaka 10 au 15 ijayo. Meno ya vitoto hivyo, yakichukuliwa kwa utaratibu, ndiyo yatakayotuchorea ramani ya malezi hata mahali ambapo wavuvi wameshaacha kwenda.

Nisije nikadhaniwa napamba. Jino si hesabu ya papa. Kwa kuwa papa mmoja huangusha maelfu, meno 100 yanaweza kuwa ya papa 100 au ya mmoja. Ndiyo maana kazi hii inataka vipimo: kiasi cha mchanga, umri wa tabaka, kasi ya kujikusanya, na ulinganifu wa mahali kwa mahali. Hata wataalamu hubishana. Mwaka 2021 Elizabeth Sibert na Leah Rubin waliandika kuwa miaka milioni 19 iliyopita papa wa bahari kuu walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, wakitegemea vimeno vya ngozi kutoka kwenye tope la kina kirefu la Pasifiki. Wenzao kadhaa waliwapinga kuhusu namna ya kuvisoma. Ubishi huo ni halali, na unawezekana kwa sababu tope lile limetunzwa na yeyote anaweza kurudi kulipima. Mkebe wa babu yangu haubishaniwi na mtu, kwa kuwa haukuandikwa kitu.

Ila pia si lazima jino liwe jiwe ndipo litufae. Watu wa visiwa vya Gilbert, Kiribati ya sasa, walikuwa wakitengeneza panga na mikuki ya mti iliyozungushiwa meno ya papa, kila jino limetobolewa na kufungwa kwa kamba ya usumba. Silaha nyingi za namna hiyo zilihifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Mwaka 2013 Joshua Drew na wenzake walizikagua jino kwa jino, wakatambua spishi 8 za papa. Mbili kati ya hizo hazikuwa zimeandikwa popote kuwa zinaishi kwenye maji ya visiwa vile. Zilikuwepo, zikatumiwa na mababu, zikatoweka kabla mwanabiolojia hajafika na daftari. Lililowafichua ni sanduku la makumbusho lenye kibandiko kinachosema kitu hiki kilitoka wapi.

Sisi hapa Tanga tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Silikanti, yule samaki wa kale, alijulikana kwa mawe tu, akidhaniwa ametoweka na madinosaria, hadi 1938 alipoibuliwa Afrika Kusini. Kuanzia 2003 akaanza kutoka kwenye nyavu za jarife, Kilwa kwanza, kisha hapa kwetu, wengi, kwenye nyavu zilizotegwa kina kirefu kutafuta papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ilitokea hivyo kwa kuwa palikuwa na watu pale diko waliosema ngojeni, samaki huyu asikatwe, apelekwe akatazamwe. Jarife lilelile, alfajiri zilezile, lilikuwa likileta papa. Hakuna aliyesema ngojeni.

Na tukienda Lindi, Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 na kusafirisha mifupa ya madinosaria hadi Berlin, dunia nzima inaijua ile mijitu ya shingo ndefu. Wachache wanajua kuwa katika tabaka zilezile, za miaka kama milioni 150, kuna meno ya papa na taa wa kale, madogo ya kuonekana kwa hadubini, yaliyoelezwa kisayansi mwaka 2002. Yalichelewa karibu karne moja kwa sababu hayakuwa makubwa.

Basi nawaomba nini hasa? Pale diko, ambako BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, tayari wana fomu na mizani, pawe na bahasha za kaki. Papa akiletwa, apigwe picha, apimwe urefu, aandikwe jina lake kamili kama wavuvi wanavyomwita na mahali alipovuliwa, kisha yang'olewe meno mawili: la taya ya juu na la taya ya chini, kwa kuwa mara nyingi hayafanani. Mvuvi hapotezi chochote. Nyama inabaki yake, mapezi yake, hata maini yake kama bado anakamua sifa, yale mafuta ya kupaka chombo. Sijaomba papa apigwe marufuku. Papa mkavu wa nazi nimelelewa nao, na ninajua ni kitoweo cha nyumba ambazo samaki kama changu hawazifikii.

Ombi la pili ni la mawe. Pwani yetu imekalia miamba ya matumbawe ya kale, sehemu kubwa ikiwa ni ya zaidi ya miaka 100,000. Ndiyo iliyojenga msikiti wa Tongoni na nyumba za Mji Mkongwe, na ndiyo inayovunjwa kila siku kwa matofali na chokaa. Kabla kibali cha kuchimba hakijatoka, yachukuliwe magunia machache ya mwamba na mchanga wake, yaandikwe mahali na kina, yawekwe kwenye makumbusho. Tufanye vivyo hivyo chini ya miamba inayoishi. Vijana wetu wa sayansi ya bahari pale Unguja na Dar es Salaam wana macho ya kutosha kuokota vimeno. Wanachokosa ni gunia lenyewe na ruhusa. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964 na imelinda magofu. Kama haijaandikwa kwa namna inayomfikia papa wa miaka 7,000, irekebishwe.

Tena zile taya za papa zinazoning'inizwa kwenye vibanda vya vinyago, zikauzwa kwa mgeni wa kwanza. Kila taya inayoondoka bila kuandikwa ni ukurasa umechanwa.

Jambo hili lina upande wa kisheria ambao nyinyi mnaujua kuliko mimi. Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama uliiingiza familia nzima ya papa wa kijivu, Carcharhinidae, kwenye Kiambatisho cha Pili. Maana yake nchi inayosafirisha mapezi au nyama yao nje inatakiwa ioneshe kuwa biashara hiyo haiihatarishi spishi. Tanzania imo, Kenya imo. Mtaonesha kwa daftari lililoandikwa "papa, kilo 40"?

Miaka kadhaa iliyopita niliubeba mkebe wa babu nikaupeleka kwenye ofisi moja ya umma, nisiyotaka kuitaja. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu. Aliyamwaga meno mezani, akayapanga kwa ukubwa, akafurahi nayo, akaniuliza yanatoka wapi. Nikasema sijui, pengine Kigombe, pengine Mtang'ata. Akaniambia ofisi haina mahali pa kuyaweka wala kitabu cha kuyaandikia. Nikayarudisha mkebeni, moja moja, nikarudi nyumbani na daladala.

Baba mdogo, aliyekuwa akisafiri na babu, bado yu hai. Anakumbuka miamba kwa majina, anakumbuka msimu gani wa kusi walipata papa upanga na lini walimwona wa mwisho. Nimeanza kukaa naye jioni na mkebe ule. Ananishikia jino kwenye mwanga, analigeuza, anasema hili la mwaka fulani, kabla ya mama yako kuolewa, nje ya kisiwa fulani. Ninaandika. Hadi sasa tumepata habari za meno 14. Yaliyobaki ni mengi, na macho yake yanafifia.

Nielekezeni tu ofisi gani itayapokea, nami nitayaleta na karatasi zake.

Wenu katika kujenga,
Mjukuu wa mvuvi wa jarife, Tanga